Meza ya watu wawili: historia ya mchezo wa kuunganisha picha

Mwaka 1840 Mfaransa mmoja aitwaye Hippolyte Bayard alijipiga picha akiwa maiti. Kifua wazi, macho kafumba, kaegemea upande kama mtu aliyeopolewa majini. Nyuma ya picha akaandika maelezo kwamba huyo mnayemwona ni Bwana Bayard, kajitosa majini kwa sababu serikali iliyomfadhili Daguerre ilisema kwa Bayard haina la kufanya. Ukweli ni kwamba Bayard alikuwa amegundua njia yake mwenyewe ya kupata picha kwenye karatasi, lakini mwaka 1839 sifa zote zilimwendea Louis Daguerre. Alikuwa na hasira, akaamua kufanya mzaha wenye mwiba. Baada ya "kufa" huko aliishi miaka mingine 47.

Nawaletea habari za marehemu huyu mzima kwa sababu ya ubishi uliozuka kazini. Mnaonifahamu mnajua kuwa kuna kikundi chetu cha watu tisa hapa Dar (waandishi watatu, mchora katuni, mwalimu, dada wa benki na wengineo) na kila mwisho wa mwezi tunashindana kutengeneza picha. Mmoja anatoa picha na mada. Kila mtu anakwenda kuichezea kwenye kompyuta anavyotaka: anakata hiki, anapachika kile, anabadili mwanga. Baada ya siku tano tunaonyeshana, tunapiga kura, na mshindi hapati kitu zaidi ya haki ya kuchagua mada inayofuata. Mara ya mwisho mada ilikuwa chakula cha jioni cha wapendanao. Tulipewa picha ya meza, viti viwili, glasi mbili na mshumaa mmoja, na kazi ikawa kuwaketisha hapo watu ambao hawajawahi kukaa pamoja.

Mzee mmoja wa chumba cha habari, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha mengi, aliziona zile picha akanivuta pembeni. "Mwanangu, wewe ni mwandishi wa habari. Unafanyaje mazoezi ya kusema uongo?" Kwa maoni yake picha ilikuwa kitu kisafi mpaka kompyuta ilipokuja kuiharibu, na anayecheza mchezo huu jioni hafai kuaminiwa na picha za gazeti asubuhi. Nilimpa jibu fupi la heshima, kama inavyopasa. Hili hapa ndilo jibu refu.

Kwanza hilo la usafi. Bayard alitengeneza picha yake ya uongo mwaka mmoja tu baada ya ugunduzi wa Daguerre kutangazwa Paris. Kwa hiyo picha haikuwa na utoto usio na dhambi. Halafu kulikuwa na tatizo la ufundi. Dawa za picha za miaka ile zilikuwa kali mno kwa rangi ya buluu, hivyo ukipiga picha ya bahari au mlima, anga linatoka jeupe pee, halina hata wingu. Mpigapicha Gustave Le Gray, naye wa Ufaransa, katikati ya miaka ya 1850 alikuwa akipiga bahari kwa negativu moja na mawingu kwa nyingine, kisha anazisafisha zote kwenye karatasi moja. Watu walizipenda sana picha zile kwa jinsi bahari ilivyoonekana ya kweli. Kumbe ili ifanane na kweli ilibidi iunganishwe.

Mwaka 1857 Oscar Rejlander, Mswidi aliyekuwa akiishi Uingereza, alitumia negativu zaidi ya 30 kutengeneza picha moja kubwa aliyoiita "Njia Mbili za Maisha", vijana wawili, mmoja akielekea njia ya anasa na mwingine njia ya wema. Malkia Victoria aliinunua. Kule Scotland nusu ya anasa ilifunikwa pazia maana ilikuwa na wanawake wasiovaa vya kutosha, na naamini ndiyo nusu iliyozungumzwa zaidi. Mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akaunganisha negativu tano kuonyesha binti anayekufa kwa kifua kikuu huku jamaa zake wakiwa wamemzunguka. Baadhi ya watazamaji walikasirika: unawezaje kuweka kamera mbele ya msiba? Yule binti alikuwa mzima, kajilaza tu kama alivyoelekezwa.

Lakini hao walikuwa mabingwa. Ninaowatafuta mimi ni watu wanaocheza, na hao nimewakuta sebuleni.

Mwaka 1854 André Disdéri alipata hataza mjini Paris ya picha ndogo zenye ukubwa wa karibu sentimita sita kwa tisa, zilizobandikwa kwenye kadi. Zilikuwa rahisi, na kufika miaka ya 1860 Ulaya yote ilikuwa imeshikwa na homa ya kupeana picha hizo. Ukienda kumtembelea mtu unamwachia yako, anakupa yake. Majumbani zikajaa. Basi wanawake wa tabaka la juu la Uingereza, waliokuwa na muda, mkasi, gundi na rangi za maji, wakaanza kuzikata. Kichwa cha mjomba kinapachikwa kwenye mwili wa bata. Familia nzima inaketishwa ndani ya sebule iliyochorwa kwa mkono. Kate Gough, mmoja wa mabingwa wa mchezo huo, ana ukurasa wa bata wanaoogelea kwa utulivu kabisa, na kila bata ana kichwa cha mwanamke.

Kipenzi changu kati ya hao ni Lady Filmer. Ana picha moja ya miaka ya 1860 inayoonyesha sebule yake, watu wengi wamekatwa kutoka kwenye kadi na kupangwa humo. Karibu na meza amesimama mwenyewe Lady Filmer. Jirani yake, kwa kujiachia kabisa, yuko mtoto wa kwanza wa kiume wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa mfalme Edward wa Saba. Inafahamika kuwa bibi huyu na mwana mfalme walikuwa wakitumiana picha na kutaniana. Na mume wa Lady Filmer je? Yumo, tusimsingizie. Ameketishwa pembeni, karibu na mbwa.

Hebu mfikirieni mwanamke wa zama zile, zama ambazo hata kumwandikia mwanamume barua kulikuwa na taratibu zake. Hawezi kusimama mbele za watu akasema lililo moyoni. Lakini anaweza kukata karatasi, na nani atamkataza? Albamu inakaa sebuleni, wageni wakimaliza kula wanaifungua, wanacheka, wanaelewana kwa macho. Hakuna hata mmoja anayedanganywa. Wote wanajua kuwa mwana mfalme hakusimama pale siku ile, na utamu wote uko katika kujua huko: kumbe kamweka hapa, kumbe yule kamsukuma kule! Mwaka 2009 jumba la makumbusho la sanaa la Chicago lilifungua maonyesho ya albamu hizi, na wengi ndipo walipoanza kuzitazama kama sanaa. Kwa zaidi ya miaka 100 zilikuwa zimehesabiwa kuwa kazi za mikono za akina mama.

Kuna kitu kimoja zaidi katika picha ile. Juu ya meza ya Lady Filmer kipo kikopo cha gundi. Hakukificha.

Sasa mlinganisheni na William Mumler. Huyu alikuwa mchonga vito wa Boston, Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 akaanza kupiga picha ambazo nyuma ya mteja anatokea mzuka wa ndugu yake aliyekufa. Ilikuwa miaka ya vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoua watu zaidi ya 600,000. Wajane na wazazi walikuwa tayari kulipa chochote wakae tena na wapendwa wao, japo kwenye karatasi. Mwaka 1869 alishtakiwa New York kwa utapeli. P. T. Barnum, mwenye maonyesho, ambaye naye alikuwa bingwa wa kuzuga watu, alitoa ushahidi dhidi yake, na alikuwa ametengenezewa picha akiwa na mzuka wa Abraham Lincoln ili kuonyesha kuwa kazi yenyewe si ngumu. Mumler aliachiwa kwa ushahidi kutotosha. Miaka michache baadaye mjane wa Lincoln mwenyewe alikwenda kukaa mbele ya kamera ya Mumler, akatoka na picha ya mumewe amesimama nyuma yake, mikono mabegani.

Mbinu za Lady Filmer na Mumler ni ndugu wa tumbo moja. Hamu inayowasukuma watu kwao nayo ni moja: kumweka karibu mtu asiyeweza kuwa karibu. Tofauti ni kwamba mmoja aliacha gundi mezani na mwingine akaificha, kisha akadai fedha. Mzee wangu wa kazini amewaweka hawa wawili kwenye kapu moja, na hapo ndipo ninapobishana naye.

Mchezo wenyewe haukufa na mtindo wa albamu. Mwaka 1896 Walter Woodbury alitoa New York kitabu kizima cha burudani za picha, kinachofundisha mtu wa kawaida kujipiga mara mbili katika picha moja, au kutumia vioo viwili vilivyopangwa kwa pembe ili aonekane amekaa na watu wanne wengine ambao wote ni yeye. Msanii Marcel Duchamp alipigwa picha ya namna hiyo mwaka 1917, Duchamp watano wamezunguka meza moja, wanavuta kiko na kutazamana. Chakula cha jioni na nafsi yako. Nadhani wapo ninaowafahamu ambao kwao huo ndio ungekuwa mlo wa mahaba hasa.

Wala tusidhani haya ni mambo ya wazungu na sebule zao. Pwani yetu ilikuwa na studio za picha tangu karne ya 19, nyingi zikiwa za Wagoa, kama ile ya A. C. Gomes kule Zanzibar. Studio yenyewe tu ni mchezo wa kuunganisha: unasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani, na jua la nje halikuhusu. Mombasa alikuwepo N. V. Parekh, aliyeendesha studio yake kuanzia miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tazama picha zake za wapenzi: wamevaa wakapendeza, wamekaribiana, wamepozi kama waigizaji wa sinema za Bombay na Hollywood. Barabarani huenda wasingethubutu hata kushikana mikono. Ndani ya studio, kwa dakika chache na kwa bei waliyopatana, waliruhusiwa kuwa watu wengine.

Huko Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, fundi aliyejifundisha mwenyewe. Bakor alikuwa akiunganisha picha za watu na vitu vingine ndani ya chumba cha giza, ukakuta mtu amechipua kutoka kwenye ua. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na negativu, karatasi ya kukinga mwanga, na uvumilivu. Mtafiti wa Ujerumani, Heike Behrend, ameandika habari zake na za wapigapicha wengine wa pwani katika kitabu kilichotoka 2013, na kusema kweli inauma kidogo kwamba habari za Lamu tunazisoma kutoka Ujerumani. Miaka ya 1990, pale kivukoni Likoni, wapigapicha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyopambwa meli na ndege. Mtu katoka bara kutafuta kazi Mombasa, anasimama mbele ya meli, picha inakwenda kijijini. Je, kijijini walidanganyika? Sidhani. Walielewa kuwa kijana wao anawaambia yuko pwani, yuko hai, na ana ndoto.

Na nani kati yetu hajaona picha ya bwana na bibi harusi ndani ya glasi ya mvinyo? Kwa shangazi yangu Tanga ipo moja ukutani mpaka leo. Yeye na marehemu mjomba wamesimama ndani ya glasi, wadogo kama njugu, wanatabasamu. Tulipokuwa watoto tulimuuliza waliingiaje. "Tulikuwa wembamba," akatujibu.

Haya, sasa kompyuta. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta yake ya Macintosh. Kaka yake John alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kutengeneza mbinu za sinema, akaona kitu kikubwa humo. Wakaikuza pamoja, Adobe wakaichukua, na Februari 1990 Photoshop ikaingia sokoni. Walipokuwa wakipita kuinadi, John alihitaji picha ya kuonyeshea. Picha za kidijitali zilikuwa haba, akatumia moja aliyompiga mchumba wake Jennifer kwenye ufuko wa Bora Bora, ameketi mchangani akatupa mgongo, kisiwa kiko mbele yake. Mbele ya macho ya watazamaji John alikuwa anaongeza kisiwa cha pili, anamfanya Jennifer kuwa wawili. John amewahi kusimulia kuwa alimposa Jennifer siku ileile ya picha au kesho yake. Kwa hiyo programu ambayo leo jina lake limekuwa tusi ilipita kwa wateja wake wa kwanza ikiwa imebeba picha ya mapenzi, na fundi akionyesha waziwazi anachofanya.

Mwaka 1994, toleo la tatu la Photoshop lilileta matabaka. Kabla ya hapo, ukishabandika kichwa juu ya mwili vimeshikana, kama gundi imekauka. Matabaka yakafanya kila kipande kikae peke yake, unaweza kukisogeza kesho, kukipunguza, kukiondoa. Bila hilo mashindano ya watu wa kawaida yasingewezekana. Januari 2002 Avi Muchnick alianzisha Worth1000 huko Marekani, ambako watu walipewa mada na kushindana, na wengi wetu tulijifunzia macho kwa kutazama kazi zao. Mashindano hayo yalifikia mwisho wake miaka kumi na kitu baadaye.

Nimesema macho, si mikono. Nieleze kwa mfano wa ile mada yetu, kwa sababu chakula cha jioni kwa mshumaa ni mtihani mbaya kuliko unavyodhani.

Mwanga wa mshumaa una joto la rangi la karibu Kelvini 1,900, yaani ni wa rangi ya chungwa. Mwanga wa mchana ni kama 5,500, wenye ubuluu. Ukimchukua kaka yako uliyempiga Coco Beach saa saba mchana ukamketisha pale mezani, anaonekana kama maiti. Utaibadili rangi, sawa, lakini jua la saa saba lilimpiga kutoka juu, kivuli cha pua kimeangukia mdomoni. Mshumaa uko mezani, chini ya uso. Unamulika kidevu, matundu ya pua, chini ya nyusi, na kivuli kinapanda juu. Halafu mwanga wa mshumaa haufiki mbali: ukisogea mara mbili ya umbali, unabaki robo yake. Kwa hiyo mkono ulio karibu na sahani lazima ung'ae kuliko bega, na ukuta wa nyuma karibu upotee. Machoni lazima kiwepo kidoa kidogo cha moto. Katika glasi yenye kinywaji, kilicho nyuma yake kinaonekana kimegeuka. Ukiyamaliza yote hayo bado kuna la mwisho linalowashinda wengi: watu wawili waliopigwa picha miaka tofauti na mahali tofauti, kila mmoja alikuwa akimtazama mtu mwingine. Unawafanyaje watazamane?

Dada wa benki ndiye aliyejaribu kitu kigumu kuliko wote. Aliwaketisha wazazi wake. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo na hakuna picha hata moja ya wazazi hao wakiwa pamoja. Ya baba aliyonayo ni ya kitambulisho cha kazi cha mwaka 1984, ile ya kutazama kamera mbele kabisa, mwanga wa bapa, sura kama ya mtuhumiwa. Alikaa nayo usiku nne. Akapaka vivuli upya kwa mkono, akainamisha kichwa kidogo sana, akasogeza mboni za macho. Alipotuonyesha, mchora katuni wetu, ambaye huwa hanyamazi, alinyamaza. Baadaye alimpelekea mama yake. Mama aliuliza kwanza kwa nini amemvalisha baba koti asilowahi kuwa nalo, kisha akaomba isafishwe kubwa.

Hakushinda, mjue. Alishindwa kwa kura moja na picha ya trafiki na konda wa daladala wakilishana chipsi mayai kwa mwanga wa mshumaa. Mimi mwenyewe nilimpigia kura konda. Ilikuwa imekamilika: mpaka filimbi ya trafiki ilikuwa na kimwali cha moto ndani yake.

Narudi kwa mzee wangu, maana hofu yake si ya bure. Katika picha maarufu ya ukingo wa mfereji wa Moscow na Volga, Stalin alikuwa na Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wake wa siri. Yezhov alipigwa risasi mwaka 1940, na katika picha mahali pake pakabaki maji. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada. Hakuna aliyekufa kwa hilo, lakini msomaji hakuambiwa, na hapo jarida lilikuwa upande wa Mumler.

Kuna pia kisa kinachonitisha zaidi, kwa sababu kilianzia kwa mtu kama sisi. Baada ya Septemba 11, 2001 ilisambaa picha ya kijana amesimama juu ya jengo la World Trade Center, New York, nyuma yake ndege inakuja. Ilisemekana kamera imeokotwa kwenye kifusi. Dunia ikalia. Kumbe ni kijana wa Hungaria aliyechukua picha yake ya mwaka 1997, akapachika ndege, akawatumia marafiki wachache kwa utani. Marafiki walijua. Marafiki wa marafiki hawakujua. Ndani ya kundi lake ilikuwa mchezo, na ilipotoka nje ya kundi ikawa uongo, ingawa hakuna pikseli hata moja iliyobadilika njiani.

Tazama sasa ni nini kilichoiumbua. Watu waligundua kuwa kijana amevaa koti na kofia siku iliyokuwa ya joto, kuwa ndege si ya aina iliyogonga, kuwa saa ile sehemu ya watalii ilikuwa haijafunguliwa. Mwaka 2006 ikawa hivyohivyo. Reuters ilitoa picha ya moshi juu ya Beirut wakati wa mashambulizi ya Israel, na wasomaji wa nje wakaona mafundo ya moshi yanajirudia kwa mpangilio, alama ya wazi ya brashi ya kunakili. Yeyote aliyewahi kuitumia brashi ile kujaza majani au mawingu anaijua alama hiyo kama anavyojua mwandiko wake. Reuters ikaachana na mpigapicha huyo wa kujitegemea na kuondoa picha zake 920. Wahariri wenye heshima zao walikuwa wameipitisha. Ndiyo maana namwambia mzee kwamba chumba cha habari kinahitaji walau mtu mmoja aliyewahi kushindwa kuuweka mwanga wa mshumaa kwenye kidevu cha kaka yake.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni kingine. Tangu Mei 2023, Adobe walipotoa toleo la majaribio la kujaza picha kwa maneno, unaweza kuandika sentensi moja, watu wawili, meza, mshumaa, na mlo wa mahaba unatokea kabla chai haijapoa. Si wa kwanza wala si pekee, programu za namna hiyo ni nyingi. Hujajiuliza kivuli cha pua kinakwenda wapi. Hujahangaika na macho. Anayetaka kumchafua binti wa watu kwa kumketisha na mume wa mtu hahitaji tena usiku nne, na hilo linafanyika mjini hapahapa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa picha za uongo zenye nia ya kukashifu au kudanganya, lakini sheria huja baada ya picha kuwa imeshamfikia mama mkwe.

Kikundini tumebishana juu ya hili kwa majuma matatu. Mimi nilitaka programu hizo zipigwe marufuku kabisa. Mwalimu akasema hata Rejlander angezitumia kama angezipata. Nimeshindwa kwa kura tano kwa nne, kwa hiyo zinaruhusiwa. Masharti yaliyopita ni mawili: mtu aliye hai haketishwi mezani bila ridhaa yake, na anayetumia maneno aweke sentensi yake chini ya picha, kubwa, isomeke. Mada ya mwezi huu ni foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni. Mchora katuni tayari ameomba siku mbili za ziada.